Ndoano Isiyo na Kijino

Manyoya ya shingo ya jogoo mwekundu hayauzwi katika soko la Mwanjelwa. Unapewa bure, ilimradi uwahi asubuhi kabla kuku hajatumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya moto, kwa sababu nyoya likishapita humo hupoteza ung'avu wake na kusinyaa. Kijana anayenichagulia manyoya hayo aliniuliza mara tatu ninayapeleka wapi, na mara ya tatu alishusha sauti: "Mzee, kama ni ya dawa wewe niambie tu, mimi siogopi." Nilimweleza kwamba ninayafunga kwenye ndoano ili samaki adhani ameona samaki mdogo. Alinitazama kwa muda, akacheka, na nina hakika kwamba hadi leo anaamini kuwa mimi ni mganga nisiyetaka kujitangaza.

Sikumlaumu. Mbeya iko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, safari ya kwenda pwani ni ya siku nzima ndani ya basi, na vifaa nilivyorudi navyo kutoka masomoni ni vya kuvulia samaki wa maji ya chumvi katika ghuba. Jioni huenda kwenye uwanja wa mpira ulio jirani na kwangu Uyole, nikarusha mshipi mtupu juu ya majani, na watoto hukaa pembeni kumtazama mtu mzima akivua nchi kavu. Nimeshazoea maswali yao. Swali ambalo sijalizoea ni lile ninalojiuliza mwenyewe kila ninapoteremka Kyela nyumbani, na ndilo lililonifanya niandike makala hii: samaki anayetoka kwenye maji makubwa kwenda kutaga mtoni anaweza kuokolewa na nini hasa, ustaarabu wa mvuvi mmoja mmoja au mlango wa mto kuachwa wazi?

Uvuvi huu wa chambo bandia cha manyoya, unaoitwa uvuvi wa nzi, nilifundishwa na jirani yangu huko Maryland, Marekani, nilikoishi kuanzia mwaka 2021 hadi 2023. Alikuwa mzee mstaafu, fundi bomba kwa kazi yake, mtu wa maneno machache. Aliniona nikirudi dukani na samaki wa barafu siku tatu mfululizo, na siku ya nne akanipitia alfajiri bila kuniuliza kama nina nafasi. Jambo la kwanza alilonieleza ndilo lililo gumu kulielewa kwa mtu aliyekua akivua kwa mshipi wa kawaida. Katika uvuvi tuliouzoea, kinachokwenda mbali ni kile kizito kilichofungwa mwishoni, yaani risasi au chambo, na uzi hufuata tu. Katika uvuvi wa nzi mambo yamegeuzwa: nzi ni manyoya na uzi, hana uzito wa maana, kwa hiyo mshipi wenyewe ndio uliotengenezwa kuwa mnene na mzito, ufito hupinda kwa uzito huo, ukajinyoosha na kuutupa mbele, na nzi hufuata nyuma kama mkia wa tiara. Baharini kuna nyongeza moja inayochosha mkono, nayo ni upepo. Ili mshipi uukate upepo, mkono wa kushoto huuvuta ghafla wakati ule ule mkono wa kulia unaporusha, mara moja kwenda nyuma na mara moja kwenda mbele, na mtu asiyelijua hilo hujifunga mshipi shingoni mwake. Nilijifunga mara nyingi.

Kosa langu la pili lilikuwa kuinua ufito samaki anapouma. Mvuvi wa mtoni huinua ufito. Mvuvi wa ghuba huacha ncha ya ufito ikielekea majini, akavuta mshipi kwa mkono mpaka ndoano ishike, kwa sababu samaki akiikosa, nzi huwa bado yuko mbele ya macho yake na anaweza kurudi kuuma tena. Mzee hakuwa akinikemea. Alikuwa akihesabu tu kwa sauti samaki niliowapoteza kwa kuinua ufito, na tulipofika 11 nikaacha.

Nzi aliyenifundisha kufunga kwanza ana asili yake katika ghuba ile ile tuliyovulia, Chesapeake. Lefty Kreh, mvuvi mashuhuri wa nzi, mzaliwa wa Frederick, Maryland, aliyefariki mwaka 2018, alimbuni mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya samaki wa milia wa Chesapeake, na nzi huyo akaja kujulikana duniani kote kwa jina la Deceiver, yaani Mdanganyaji, hata Posta ya Marekani ikamweka kwenye stempu mwaka 1991. Umbo lake ni la kijanja. Manyoya ya jogoo hufungwa mwishoni kabisa mwa ndoano, jozi mbili zikitazamana, ili yasijisokote kwenye chuma wakati wa kurusha. Kisha nywele za mkia wa paa huzungushwa mbele kama ukosi, zikanenepesha kifua bila kuongeza uzito. Akilowa, hunywea na kuwa mwembamba kama samaki mdogo. Ukimvuta na kumwachia, hutanuka na kupumua. Hapa Mbeya sina mkia wa paa, natumia wa mbuzi mweupe. Ninabana ndoano kwenye jiliwa dogo ukingoni mwa meza ya chakula, ninazungusha uzi mwekundu mahali penye koo ili pafanane na mashavu ya samaki, ninapaka gundi kichwani, na kabla ya yote hayo ninachukua koleo na kukiponda kile kijino cha ndoano kinachozuia isichomoke. Bila kijino, ndoano hutoka kwa kidole kimoja. Samaki wengine hutoka wenyewe pia, na hiyo ndiyo bei yake.

Chesapeake ni ghuba yenye urefu wa kilomita zipatazo 320, lakini wastani wa kina chake haufiki mita 7. Ni sinia pana la maji ya chumvi nusu yanayolishwa na mito mikubwa kama Susquehanna na Potomac. Samaki wake mashuhuri, Morone saxatilis, ana mistari saba au minane myeusi ubavuni, na watu wa Maryland humwita rockfish, yaani samaki wa mwamba. Wengi wa majike wakubwa huishi baharini wakipanda na kushuka kando ya pwani ya mashariki hadi New England, lakini majira ya kuchipua yanapofika hurudi ghubani, huipita chumvi, wakaingia kwenye maji baridi ya mitoni na kutaga. Mayai yao hayashiki kwenye mawe. Huelea nusu nusu yakibebwa na mkondo, na mto ukikosa mkondo huzama kwenye tope na kufa. Jike huchukua miaka mitano, sita au zaidi kupevuka, anaweza kuishi miaka 30, na akiwa mkubwa hutaga mayai zaidi ya milioni moja kwa msimu. Nimeyaandika hayo yote kwa sababu moja: uzazi wa samaki huyu umewekwa kwenye mifuko michache sana, yaani mito ile michache, wiki zile chache na majike wale wazee.

Mwaka 1973 wavuvi wa biashara walitoa takriban kilo milioni 6.7 za samaki huyo, na muongo mmoja baadaye mavuno yalikuwa hayafiki robo ya hayo. Bunge la Marekani lilipitisha sheria maalumu ya kumlinda mwaka 1984, na tarehe 1 Januari 1985 Maryland ikafunga kabisa uvuvi wake, wa biashara na wa burudani. Mzee wangu alikuwa kijana wakati huo. Aliniambia kwamba baba yake aliuza mashua na hakusema neno wiki nzima.

Kilichonivutia katika historia hiyo ni jinsi walivyopanga kuufungua mlango tena, kwani kufunga peke yake ni kazi ya amri moja tu. Majimbo ya pwani yalikubaliana kuwashika mkono samaki wa kizazi kimoja, wale waliozaliwa mwaka 1982, na kuhakikisha kwamba karibu majike wote wa kizazi hicho wanafika mtoni kutaga kabla hawajavuliwa. Penye uvuvi ulioendelea, kipimo cha chini cha urefu kiliongezwa mwaka hadi mwaka kadiri samaki wale walivyokuwa wakikua, kana kwamba sheria inatembea mbele yao ikiwafungulia njia. Na walijuaje kama imefaa? Kwa kokoro. Tangu mwaka 1954 wataalamu wa Maryland huvuta kokoro dogo lenye urefu wa mita 30 kwenye vituo 22 vya mito ya uzazi, mahali pale pale kila kiangazi, wakahesabu vifaranga na kuwarudisha majini. Nilipoliona kwa macho yangu nilicheka peke yangu, maana ni chombo kile kile ambacho kwetu maofisa wa uvuvi hukichoma moto ufukweni. Mwaka 1989 wastani kwa kila mvuto ulipita vifaranga 25, uvuvi ukafunguliwa kwa tahadhari mwaka 1990, na mwaka 1995 samaki akatangazwa kuwa amerudi.

Wengi wanaoisimulia hadithi hii huishia hapo, wakapiga makofi. Mimi nilifika wakati wa sura inayofuata, ambayo haina makofi. Tathmini iliyotolewa mwaka 2019 ilionyesha kwamba samaki wa milia amevuliwa kupita kiasi tena, na safari hii sehemu kubwa zaidi ya vifo ilikuwa mikononi mwa watu wa burudani, watu kama mimi na mzee wangu, wenye nzi wa manyoya na dhamiri safi. Wengi wao huwaachilia karibu samaki wote wanaowavua. Hesabu rasmi inayotumika kando ya pwani ile huchukulia kwamba samaki 9 katika kila 100 wanaoachiliwa hufa baadaye. Ukiisoma haraka ni idadi ndogo. Lakini wanaoachiliwa kwa mwaka ni mamilioni, na kuna miaka ambayo waliokufa baada ya kuachiliwa kwa upole walikaribia idadi ya wale waliopelekwa jikoni.

Nilimjua mmoja wao. Ilikuwa Julai 2022, saa nane mchana, siku ambayo nisingepaswa kuwa majini. Serikali ya jimbo hutoa utabiri wa rangi tatu kwa ajili ya wavuvi wa samaki huyo, na joto la hewa likitabiriwa kufika nyuzi 35 rangi huwa nyekundu, maana yake ni kwamba baada ya saa nne asubuhi usimguse. Niliiona nyekundu hiyo kwenye simu, nikajiambia kwamba ufito wangu ni mwepesi na ndoano yangu haina kijino. Nikanasa samaki mzuri, wa urefu wa mkono wangu mzima. Kwa kuwa ufito ulikuwa mwepesi, nilimchezesha kwa muda mrefu, na nilipomfikia nikampiga picha, nikamgeuza, nikampiga ya pili. Kisha nikamshika mkiani nikimwelekeza mkondo uliko, kama nilivyofundishwa, nikamwachia. Akaenda hatua kumi hivi, akalala ubavu, na tumbo lake jeupe likawa likipanda na kushuka na mawimbi hadi shakwe walipomwona. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na samaki aliyechoka katika maji hayo huwa ameshakufa kabla hujamwachia. Mzee aliangalia picha zile jioni, akanirudishia simu bila kusema lolote. Mwaka huo Maryland ilikuwa imeweka hata wiki mbili za mwisho za Julai kuwa za kutomvua kabisa, na mimi nilikuwa nimetangulia kwa siku nne tu, ndani ya sheria.

Nilipoondoka mwaka 2023 vifaranga walikuwa wamehesabiwa tena: wastani ulikuwa mmoja tu kwa kila mvuto, ilhali wa miaka yote ni kama 11. Majira ya baridi yenye joto na mito isiyo na maji ya kutosha yamewaharibia uzazi mwaka baada ya mwaka tangu 2019. Tangu 2024 mvuvi wa burudani wa Chesapeake anaruhusiwa samaki mmoja kwa siku, mwenye urefu wa kati ya inchi 19 na 24, ili majike wakubwa wapite. Wako wanaolalamika kwamba samaki mkubwa ndiye utamu wa mchezo. Sioni la kuwajibu isipokuwa kwamba mchezo ule unachezewa mlangoni mwa wodi ya wazazi.

Sasa niteremke Kyela. Ukitoka Mbeya, ukaipita Tukuyu na mashamba ya chai, hewa hubadilika katika muda wa saa moja, na ukifika Matema chini ya Safu za Livingstone unavua koti uliloondoka nalo. Karibu na hapo mto Lufirio unaingia Ziwa Nyasa. Samaki ninayemzungumzia anaitwa mbasa, Opsaridium microlepis kwa jina la kitaalamu, nao wenzetu wa Malawi humwita mpasa. Ni mwembamba, mng'avu kama bati jipya, mla usipa, yaani dagaa wa ziwa hilo, na hana kwao kwingine duniani isipokuwa ziwa hili na mito yake. Mito inapojaa wakati wa masika huliacha ziwa, akaipanda Lufirio, Mbaka, Kiwira na Songwe kutafuta maji ya kasi yenye changarawe safi, akataga humo. Tofauti na yule wa milia, mayai yake hukaa kwenye changarawe, kwa hiyo adui yake si ukosefu wa mkondo bali udongo unaoletwa na mkondo kutoka mashamba yanayolimwa hadi ukingoni. Lakini adui wa kwanza hutangulia: ni nyavu zinazokingwa mlangoni mwa mto majira yale yale anapoingia. Mbasa wa kuchoma kwa wali wa Kyela ni chakula cha heshima ya mgeni, na mimi mwenyewe nimekila tangu utotoni bila kuuliza kama tumboni kulikuwa na mayai. Kulikuwa nayo. Tuliyagombania.

Amewekwa miongoni mwa samaki walio katika hatari ya kutoweka, na ukikaa na wazee wa Matema hutahitaji orodha hiyo. Baba yangu mdogo, aliyevua hapo maisha yake yote, huonyesha kwa mikono miwili ukubwa wa mbasa wa zamani, kisha kwa mkono mmoja wa sasa.

Machi iliyopita nilimpelekea ufito wangu auone. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akauzungusha ufito mkononi kama mtu anayepima fimbo ya kuchungia, na tukaenda hadi mlango wa mto, mahali ambapo maji ya matope ya Lufirio yanakutana na maji ya ziwa na kuchora mstari unaoonekana wazi. Nilirusha nzi mweupe ng'ambo ya mstari huo, nikamvuta kwa mikato mifupi. Mara ya nne au ya tano mshipi ukakaza. Alikuwa mbasa jike, wa kilo moja na nusu hivi, tumbo limejaa. Nililowesha mikono, nikaichomoa ndoano akiwa bado majini, nikamwacha aende. Baba mdogo alisimama kimya, kisha akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa: "Mwanangu, umetoka Mbeya mpaka huku kuja kutupa kitoweo?"

Nilianza kumweleza habari za Chesapeake, kuhusu kizazi cha 1982 na kipimo kilichopandishwa mwaka hadi mwaka. Alisikiliza yote, maana ni msikilizaji mzuri. Kisha akanionyesha kwa kidevu nyavu mbili zilizofungwa kutoka ukingo mmoja hadi karibu na ukingo wa pili, hatua kama sitini juu ya pale tuliposimama. "Huyo uliyemwachia," akasema, "sasa hivi yuko mle."

Alikuwa sahihi, na sikuwa na jibu. Ndoano yangu isiyo na kijino, mikono yangu iliyoloweshwa na maelezo yangu yote hayakumfikisha samaki yule hatua sitini. Zaidi ya hayo, nilikuwa nimemsumbua jike mwenye mayai, mlangoni, katika wiki zake, kwa ajili ya kujifurahisha, jambo ambalo nilikuwa nimewalaumu nalo wavuvi wa Maryland. Baba mdogo angalau angemla.

Tulizungumza hadi usiku. Hapingi mapumziko ya samaki. Mwaka 2024 nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika zililifunga kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, naye alizifuatilia habari hizo redioni siku baada ya siku. Anachopinga ni kufungiwa ziwa zima kwa ajili ya samaki mmoja, wakati usipa ndiye anayelipia ada za wajukuu. Pendekezo lake ni dogo kuliko nilivyotarajia na ni la busara kuliko langu: wavu wowote usikae ndani ya mto wala karibu na mlango wake kuanzia mvua kubwa zinapoanza hadi maji yatakapotakata, na anayevunja ashughulikiwe na wanakijiji wenyewe kupitia kikundi chao cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi, kwa kuwa ofisa akija na gari husikika akiwa bado mbali na nyavu huwa zimeshatolewa. Mmoja wa wenye nyavu zile ni shemeji yake. Alisema atazungumza naye, ila si kwenye kikao.

Mimi nimeamua kutorusha mshipi mlangoni mwa Lufirio majira ya mvua. Kiangazi, maji yakitakata na mbasa akirudi ziwani kuwafukuza usipa kando ya miamba, nitakwenda, tena alfajiri tu. Mwezi uliopita baba mdogo alinipigia simu kuhusu jambo jingine la familia, na mwishoni akanieleza kwamba wavu wa shemeji umesogezwa ziwani, umbali wa kurusha jiwe mara mbili kutoka mlangoni. Ule wa pili bado uko pale pale. Kisha akaniuliza kama nyoya la bata linaweza kufaa kwa nzi, maana anao bata wengi.